Nimeuziwa ngano "ya asili" isiyo GMO, nipandeje Misungwi?

Swali: Kuna jamaa wa mtandaoni kaniuzia kilo tano za mbegu ya ngano, anasema ni ile ya mababu kabla haijachezewa maabara, na haina gluteni, ile protini inayofanya unga wa ngano uvutike. Mama yangu akila chapati au mkate tumbo linajaa, nikaona nimlimie ya kwake. Nafasi kati ya mistari iwe kiasi gani? – Msomaji, Misungwi

Jibu: Dada, mistari ni sentimita 20 hivi, hilo tumemaliza. Ila Misungwi kuna joto kwa ngano, yenyewe inataka ubaridi kama wa Karatu, Hanang au Makete, huku kwetu itakimbilia kutoa masuke mapema na punje zitasinyaa, kwa hiyo hata ungepima mistari kwa rula usingevuna cha maana.

Sasa hilo la "kuchezewa maabara". Naulizwa hili kila wiki na nimechoka kweli, maana wanaolisambaza wengi hata suke la ngano hawajawahi kulishika. Ngano unayokula kwenye chapati sio GMO, yaani sio mbegu iliyobadilishwa vinasaba maabara. Ngano ya GMO iliyofika mashambani ni aina moja ya Argentina ya kuhimili ukame, basi. Hizi nyingine zimezalishwa kwa mkono: mtu anakaa na kibanio, anafungua ua moja moja, anang'oa vifuko vya chavua vitatu vilivyomo ndani kabla havijapasuka, anavisha suke kimfuko cha karatasi, siku chache baadaye analeta chavua ya baba aliyemtaka. Halafu anapanda na kuchagua, anapanda na kuchagua, miaka.

Na hao wazazi wanatoka wapi? Kwenye hizo hizo mbegu za mababu! Ngano fupi iliyobadilisha dunia asili yake ni Daruma, mbegu ya kienyeji ya Japani. Wajapani waliipandanisha na Fultz, ngano ya Marekani, kisha na Turkey Red, ngano ambayo wakulima Wamenno, Wakristo wa dhehebu la Mennonite, walihama nayo kutoka kusini mwa Ukraine mpaka Kansas mwaka 1874. Ikatoka Norin 10 mwaka 1935, kimo chake kama sentimita 60 tu. Mbegu ikaingia Marekani mwaka 1946, mtafiti wa huko Orville Vogel akaipandanisha na za kwao, akamgawia mtafiti mwenzake Norman Borlaug kule Mexico, na kufikia 1962 Mexico ina aina fupi mikononi mwa wakulima. Ufupi ndio ulikuwa dili lenyewe, kwa sababu ngano ndefu ya zamani ukiipa mbolea inajaza suke, mvua na upepo vikipita shamba zima limelala chini na punje zinaoza.

Kwa hiyo mtu akikwambia ya zamani ni safi na ya sasa ni feki, anakutenganishia mtoto na bibi yake. Mbegu za kienyeji tunazihitaji sana, mwaka 1998 Uganda, ng'ambo ya Ziwa Victoria hili hili, ilionekana kutu ya shina, ugonjwa wa ukungu, iliyoitwa Ug99 ambayo ilivunja kinga ya ngano nyingi za dunia, na za kienyeji nazo zikapelekwa kituo cha utafiti cha Njoro, Kenya, kutafutwa kinga. Lakini kuwa na kinga moja nzuri sio kwamba ukiipanda yenyewe itakulisha. Wengine mihogo nayo wanaifanyia hivyo hivyo, wanabeba vipando "vya asili" vimejaa ugonjwa wa batobato wanapeleka kijiji kingine, wakati Amani kule Tanga watafiti walishaanza kupandanisha mihogo na mpira-mihogo, mti wa mpira wa jamii ya mihogo, kutafuta kinga tangu miaka ya 1930.

Kinachonikera zaidi ni hilo la gluteni, maana hapo mtu anaumia. Ngano zote zina gluteni, mpya na ya zamani, mpaka zile za kale kabisa kama einkorn na emmer. Mgonjwa wa siliaki, yule ambaye gluteni inamharibu utumbo, akiamini hao matapeli anakula sumu yake kwa bei ya juu. Mama apelekwe hospitali apimwe, na asiache ngano kabla ya kipimo, akiacha majibu yanaweza kutoka safi wakati ugonjwa upo.

Na mbegu ya kupanda, yoyote ile, nunua yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Hizo kilo tano zimwage kwenye sinia uziangalie mchana kweupe, ukiona punje zina rangi ya pinki au nyekundu ya kupakwa ujue zina dawa ya mbegu, usisage, na kuku usiwape.