Goti langu, pilipili na manjano: niliyojifunza kuhusu dawa za mimea

Ni mwaka wa tatu sasa tangu goti langu la kulia lianze kunisumbua. Kuinuka kutoka kwenye sijda kulikuwa kazi, na ngazi za nyumbani nilizipanda nikishika ukuta. Picha ya eksirei ilionyesha gegedu limepungua, yaani kile tunachokiita kusagika kwa goti. Daktari aliniandikia vidonge vya kutuliza maumivu vya siku saba. Mimi nikavitumia miezi mitano. Nilijinunulia mwenyewe dukani, nikameza asubuhi na jioni, siku nyingine kabla hata sijatia kitu tumboni. Siku niliyopata choo cheusi kama lami ndipo nilipojua kwamba tumbo lilikuwa likivuja damu.

Nilipotoka hospitali niliapa kwamba sitameza tena kemikali, nitatumia mimea tu. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyoyakuta nilipoingia huko, na nayaandika kwa kuwa wengi mnaoniuliza mko palepale nilipokuwa mimi.

Nianze na hilo neno kemikali, maana ndilo lililonipoteza. Vidonge vilivyoniumiza viko katika ukoo mmoja na aspirini, na aspirini asili yake ni mti. Ulaya kandokando ya mito huota mti uitwao willow. Mwaka 1763 kasisi wa Kiingereza, Edward Stone, aliwaandikia wanasayansi wa London kwamba alikuwa amewapa wagonjwa wa homa unga wa gome lake na wakapata nafuu. Mwaka 1828, Ujerumani, kiini cha gome hilo kilitolewa kikaitwa salisini. Mwaka 1897 Felix Hoffmann, mkemia wa kampuni ya Bayer, akatengeneza aspirini safi. Hakuna aliyejua inafanyaje kazi mpaka mwaka 1971, John Vane alipoonyesha kwamba inauzuia mwili kutengeneza vitu viitwavyo prostaglandini. Hivyo ndivyo vinavyoleta maumivu na uvimbe kwenye kiungo. Lakini ndivyo hivyohivyo vinavyolinda ukuta wa tumbo usiliwe na asidi. Nilipolisikia hilo kwa daktari niliinamisha kichwa. Miezi mitano nilikuwa nikililainisha goti huku nikilivua tumbo nguo zake.

Kwa hiyo swali si kama dawa imetoka shambani au kiwandani. Uliza ndani yake mna nini, kinafika wapi mwilini, na kwa kiasi gani.

Chukueni karafuu, ambayo sisi watu wa Zanzibar hatuhitaji kufundishwa. Mama yangu ni Mpemba, na jino likiuma usiku alikuwa akituambia, "Tafuna taratibu mwanangu, iache palepale." Baada ya muda ufizi unakufa ganzi. Kinachofanya hivyo ni yujenoli, na madaktari wa meno wanaitumia mpaka leo, wakiichanganya na zinki oksaidi kuziba jino kwa muda. Dawa imewekwa penye maumivu, kwa kiasi kidogo, na inafanya kazi. Lakini mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, ni jambo jingine, kwa sababu humo yujenoli imekusanyika. Mwaka juzi niliyapaka ufizini bila kuyachanganya na chochote, na ngozi ya ndani ya mdomo ikababuka. Kama unayo nyumbani, changanya tone moja na mafuta ya kula, na chupa iweke juu kabisa. Mtoto mdogo akiyanywa, hata kidogo, ini lake linaweza kuharibika. Na jino lenyewe karafuu hailitibu. Inakupa usiku mmoja wa kulala, asubuhi nenda kwa daktari.

Kilichonisaidia goti kuliko vyote ni pilipili. Ukali wake unatokana na kapsaisini. Mwaka 1997 David Julius na wenzake huko California waligundua kwamba kapsaisini inagusa mlango maalumu kwenye mishipa ya fahamu, mlango uleule unaofunguka kwa joto la kuunguza. Ndiyo maana pilipili "inachoma" ingawa haina moto. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Mlango huo ukiguswa tena na tena kila siku, mshipa unachoka na kupunguza kupeleka habari za maumivu. Kuna krimu zenye kapsaisini ya asilimia 0.025 au 0.075, na mdogo wangu aliyeko Muscat alinitumia.

Maelezo ya matumizi yake niliyapuuza mwanzoni, nikajuta. Inapakwa kiasi kidogo mara tatu au nne kwa siku, kila siku. Anayepaka siku moja moja anapata kuungua tu bila faida. Siku za mwanzo inachoma, halafu inapungua. Nafuu mimi niliiona wiki ya tatu. Usipake mara tu baada ya kuoga maji ya moto, usipake penye jeraha, na ukimaliza osha mikono kwa sabuni kabla hujagusa jicho au mtoto. Tafadhali msiponde pilipili mbuzi mkajifunga nayo kwenye goti. Jirani yangu alifanya hivyo akatoka malengelenge, kwa sababu hakuna anayejua pilipili ile ina ukali kiasi gani.

Manjano ndiyo yanayonisikitisha kwa jinsi yanavyouzwa. Kiini chake, kakumini, kimejaribiwa kwa watu wenye magoti yaliyosagika, na baadhi ya majaribio yameonyesha nafuu ya wastani. Lakini tufanye hesabu. Kijiko cha chai cha unga ni kama gramu 3, na kakumini ndani yake ni asilimia 3 hivi, yaani miligramu 90 tu. Majaribio mengi yalitumia miligramu 500 hadi 1,500 kwa siku. Tena nyingi inapita tumboni bila kuingia kwenye damu. Pilipili manga inaongeza sana kuingia kwake, na ndiyo maana wenye viwanda wanavichanganya pamoja kwenye kapsuli. Mchuzi wetu na maziwa ya manjano endeleeni navyo kwa amani, ni chakula. Kapsuli hizo nzito ni habari nyingine: Italia, Marekani na Australia wameripoti watu walioumia ini kwa kuzitumia. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, au mwenye mawe kwenye mfuko wa nyongo, asizianze bila kumwambia daktari.

Tangawizi nitasema moja tu: kwa maumivu ya hedhi imejaribiwa na imesaidia, mabinti zangu wanaijua. Ubani nao una asidi zake zinazofanyiwa utafiti kwa ajili ya viungo, lakini hizo hutumika kwa kumeza. Ukijifukiza chetezo unapata harufu nzuri, goti halipati kitu.

Sasa ninaloliogopa zaidi. Shangazi yangu alinunua unga wa kijivu kwenye kopo lisilo na maandishi, "mitishamba mitupu" aliambiwa. Jioni ileile akatembea bila mkongojo, tukafurahi sote. Baada ya miezi michache uso ulijaa ukawa mviringo, akawa na njaa isiyoisha, sukari ikapanda. Daktari wake alishuku kwamba kuna steroidi, dawa kali ya kushusha uvimbe, imetiwa ndani. Hilo halitokei kwetu tu. Mwaka 2022 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya vidonge vya viungo vilivyouzwa kama vya asili na kumbe vimetiwa diklofenaki, ya ukoo uleule wa aspirini, na deksamethasoni, ambayo ni steroidi, bila kutajwa. Mmea hauondoi maumivu ya miaka kwa saa tatu. Ukiona hivyo, shuku. Na kama umeshatumia muda mrefu, usiache ghafla, kwa kuwa mwili unakuwa umesahau kutengeneza steroidi yake wenyewe. Shangazi alilipeleka kopo kliniki, wakampunguzia dawa taratibu kwa wiki kadhaa, na sasa uso umerudi.

Kuna maumivu mengine ambayo hayafai kusubiri krimu wala chai. Kiungo kimoja kimevimba ghafla, chekundu, cha moto, na una homa: nenda hospitali siku hiyohiyo. Vidole vya mikono yote miwili vinakakamaa asubuhi zaidi ya saa nzima: huenda ni baridi yabisi, na isipotibiwa mapema inakula viungo.

Mimi kila baada ya Alasiri nakaa kwenye kiti, naunyosha mguu, nahesabu mpaka tano, naushusha, mara kumi kila upande, kama alivyonifundisha mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Aliniambia pia kwamba kila kilo moja ninayopungua inaliondolea goti mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua. Nimepungua sita. Krimu ya pilipili naipaka baada ya mazoezi, goti likishapoa.