Maswali yenu ya muziki: kopi, mipasho na hela ya redio

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: msanii auze kiasi gani, na abaki na nini. Nimechukua tano.

Shikamoo mwalimu. Naimba kwenye hoteli hapa Mbeya, Ijumaa na Jumamosi. Wageni wanataka kopi tu: rumba za Kongo, zilipendwa, na Bongo Fleva inayovuma. Nina nyimbo zangu kumi na moja na sijawahi kupiga hata mmoja jukwaani. Nahisi nakufa polepole. Niache kazi?

Marahaba mwanangu. Usiache. Nimepiga gitaa la rithim miaka mingi kwenye kumbi na baa za Dar es Salaam, na kopi ndizo zilizonisomesha. Huwezi kupiga wimbo wa mtu sawasawa bila kuufumua: besi inanyamaza wapi, mwimbaji anavuta pumzi wapi, kiitikio kinarudi mara ngapi. Ila kopi zina ugonjwa wake. Ukidumu nazo sana unaanza kuimba kwa koo la mwenye wimbo, hata ukiwa bafuni.

Fanya hivi. Kipindi cha pili, watu wakishachangamka, ingiza wimbo wako mmoja katikati ya kopi mbili wanazozipenda. Usiutangaze. Usiseme "huu ni wangu". Kisha tazama miguu yao.

Sisi tulifanya hivyo kwenye baa moja ya Magomeni. Wimbo wa kwanza tuliouingiza, mchoma nyama alitoka jikoni akasimama mlangoni na koleo mkononi mpaka kiitikio kikaisha. Mishikaki ikaungua. Jumamosi iliyofuata akaja jukwaani kabla hatujafunga nyaya: "Ule wa mama mkwe mnaupiga leo?" Wimbo wa pili, ambao sisi wenyewe tuliupenda zaidi, ulitoa watu ukumbini Jumamosi tatu mfululizo. Tulikaa chini tukagundua kwamba beti mbili nzima zilipita kabla ya habari yenyewe kuanza. Tukaanza na ubeti wa tatu. Maneno hatukugusa hata moja, na watu wakabaki. Hapo hatukujiuza, tulisikiliza. Bendi kubwa za dansi zilikuwa zikizipima nyimbo ukumbini namna hiyo kabla ya kwenda kurekodi Radio Tanzania.

Mimi ni mwimbaji wa taarab, Tanga. Mwenye kundi anataka mipasho tu, maana ndiyo inayofanya watu wanyanyuke kututunza. Nimelelewa na taarab asilia. Nikiimba mipasho naona nawavunjia heshima walionifundisha.

Dada yangu, uchungu wako naujua na ni wa haki. Lakini kumbuka uko Tanga. Black Star na Lucky Star, makundi ya mji wako, ndiyo yaliyoingiza gitaa la umeme, besi na mapigo ya dansi kwenye taarab. Huko ndiko ilikosikika sauti ya Shakila Saidi, na leo tunaiita ya zamani kwa heshima zote. Hicho unachokiita asilia kilikuwa kipya kwa bibi yako.

Kurushiana maneno nako hakukuanza jana. Vikundi vya wanawake vya Unguja vilijibizana kwa nyimbo tangu zamani. Miaka ya 1990 makundi ya TOT na Muungano yalishindana mpaka miji ikagawanyika, na mwimbaji Khadija Kopa akaonyesha kwamba mpasho ukiimbwa na anayejua kuimba ni sanaa kamili.

Kwa hiyo usiukatae mpasho. Kataa mpasho usio na fumbo. Wenye fumbo, kila mwanamke ukumbini anaubeba kwenda nao nyumbani, anautia jina analolijua yeye. Usio na fumbo unaisha usiku uleule. Mwambie mwenye kundi: nitaimba mipasho, lakini mtunzi nimchague mimi, na saa ya kwanza, kabla ukumbi haujajaa, nipewe nyimbo mbili za asilia. Wengi wanakubali, kwa sababu saa hiyo hawapotezi kitu. Wakati huohuo uliza kuhusu fedha za kutunzwa: zinabaki kwako au zinaingia kapuni? Ijue hesabu hiyo kabla hujapanda jukwaani.

Wakikuletea wimbo wa kumsimanga mtu kwa utasa au kilema, hapo usiingie kwenye majadiliano kabisa. Mwanamke asiyejaliwa mtoto aliyekaa meza ya tatu amelipa kiingilio kama wenzake.

Prodyuza wangu hapa Mwanza anasema wimbo ukizidi dakika mbili na nusu hausikilizwi. Wangu una dakika nne na nusu. Nikate?

Rekodi fupi, ukumbini piga mrefu. Dansi letu lilikuwa na sehemu mbili: kwanza maneno yanaimbwa kwa utulivu, kisha gitaa la solo linaamsha chemko na watu wanacheza hadi jasho. Anayesikiliza kwenye simu mpe sehemu ya kwanza. Aliyelipa kiingilio mpe chemko.

Mtangazaji mmoja wa redio Dodoma anataka hela ili wimbo wangu upigwe. Wenzangu wote wanatoa. Nisipotoa nitajulikanaje?

Usitoe, mdogo wangu. Ukitoa leo, wiki ijayo wimbo unashuka mpaka utoe tena, na hutajua kamwe kama watu waliupenda au walisikilizishwa. Hiyo ya pili ndiyo hasara kubwa.

Mwanamuziki wa dansi Remmy Ongala alipotunga Mambo kwa Soksi, akihimiza kondomu wakati UKIMWI unatumaliza, Radio Tanzania haikuupiga. Wimbo ukapita kwa kaseti na kwa kumbi, ukafika kila mahali. Nao haukuwa wimbo wa kuhubiri watu wakisinzia. Bendi yake, Super Matimila, iliupigia magitaa ya kuchezeka, na ujumbe ukaingia kupitia kiunoni. Leo daladala za Dar es Salaam bado zinashusha abiria kituo chenye jina lake, Sinza kwa Remmy.

Hela uliyotaka kumpa huyo mtangazaji, itumie kwa nauli na chakula cha wapigaji wako kwenye minada, mahafali na harusi za wilaya nne za jirani. Weka wimbo kwenye simu ya kila konda, kila kinyozi, kila muuza chipsi. Ni kazi ya miezi, si ya wiki, na inachosha. Lakini atakayeupenda huko ameupenda mwenyewe.

Tuna bendi Morogoro. Washindani wetu wamemnunua mwimbaji wetu, anaondoka mwisho wa mwezi. Wenzangu wanataka tumtungie wimbo wa kumtukana. Unashaurije?

Poleni, inauma. Ila mambo haya ni ya siku nyingi. Mwaka 1978 mwimbaji Muhidin Gurumo alitoka bendi ya JUWATA, yaani Msondo, akaenda kuanzisha bendi ya Mlimani Park, Sikinde wenyewe. Mwaka 1985 akaondoka tena na wenzake kwenda Orchestra Safari Sound. Baadaye akarudi Msondo. Katika kuhama kote huko Msondo na Sikinde hazikufa kwa kumkosa, kwa sababu kila moja ilikuwa na mlio wake: namna ya kupanga magitaa, namna ya kupuliza. Mtu aliyesimama nje ya ukumbi aliijua bendi kabla hajasikia mwimbaji.

Basi jiulizeni kama yenu inajulikana hivyo. Kama mlio wenu wote ulikuwa koo la mtu mmoja, mshindani amewaonyesha pengo lilipo. Wimbo wa matusi hautaliziba, na miaka miwili ijayo huenda mkamhitaji, au yeye akawahitaji ninyi.

Shughulikieni kilicho cha haraka zaidi. Chukueni daftari, orodhesheni nyimbo zote, na kando ya kila mmoja mwandike nani alitunga maneno, nani alitunga sauti, nani alipanga vyombo. Wote mtie sahihi, kisha mkazisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Huyo mwimbaji anayeondoka naye atie sahihi, na pale alipotunga apewe haki yake yote bila kupunguziwa. Mpelekeeni daftari hilo kabla ya mwisho wa mwezi, mkiwa bado mnasalimiana.