Ganda Lililokosa Baruti: Jibu kwa Mpwa Wangu Aliye Minnesota

Juzi usiku mpwa wangu aliye Minnesota alinitumia picha na ujumbe: "Mjomba shikamoo. Ganda limenikwamia ndani ya dai, halitoki. Na jana risasi mbili zilikataa kulia. Nakosea wapi?" Anajaza risasi zake mwenyewe nyumbani, na dai ni kalibu ya chuma inayolirudishia umbo ganda lililokwisha kupigwa. Nilikuwa nimeketi barazani hapa Lanet, Nakuru, chai mkononi, na moyo ulinidunda kana kwamba ni mimi niliyesimama mbele ya ile mashine ya kujazia.

Niliishi huko miaka 14, na kwa miaka 10 kati ya hiyo sikununua risasi hata moja ya dukani. Nilijaza zangu mwenyewe: ganda la zamani nalirudisha umbo, nalitia fataki mpya kitakoni (ndiyo inayowasha baruti), kisha baruti, kisha kichwa, yaani kipande kinachoruka. Huku kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na bunduki na risasi ni mambo ya leseni, kwa hivyo asije mtu akasoma hapa akaanza kutafuta baruti Nakuru mjini. Mashine yangu niliiuza kabla sijapanda ndege. Nawaandikia ninyi mlio kule, mnaongojea msimu wa kulungu mwezi wa Novemba kama nilivyoungojea mimi.

Tuanze na ganda lililokwama. Hapo ni mafuta tu, mwanangu. Ganda likiingia kavu kwenye dai la kulirudishia umbo, shaba inang'ang'ania chuma, na ukivuta mkono wa mashine kwa hasira unang'oa ukingo wa ganda, mwili unabaki ndani. Toboa kitako chake, kata hesi (mifereji ya skrubu) ndani ya tundu, tia bolti, ulivute taratibu. Dai litapona. Kesho yake usizidishe mafuta kwa woga, maana yakijaa yanabonyeza mabega ya ganda na kuacha vishimo. Nilipaka kwa ncha za vidole viwili, nikizungusha ganda, mpaka nihisi utelezi bila kuona unyevu.

Risasi iliyokataa kulia, angalia fataki. Mara nyingi haikuingia hadi mwisho kwa sababu tundu lake lina masizi, kwa hivyo pini ya bunduki inapoigonga inamaliza nguvu kuisukuma ndani badala ya kuiwasha. Pitisha kidole kitakoni. Fataki iliyokaa vizuri iko chini kidogo ya usawa wa kitako. Ukihisi kidole kinakwaruzwa, hiyo usiitie kwenye bunduki.

Na pima urefu. Ganda la .308 Winchester, aina ya risasi za bunduki ya kuwindia, halipaswi kuzidi milimita 51.18. Linarefuka kila linapopigwa na kurudishwa umbo, na likizidi, shingo inabanwa kwenye chemba, pale risasi inapokaa ndani ya bunduki, kichwa cha risasi hakiachiliwi upesi, na shinikizo linapanda. Nilikuwa na kalipa, kifaa cha kupimia urefu, na nilipima kila moja. Kila moja.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike.

Oktoba 2009 nilikuwa besimenti, chumba cha chini ya nyumba, saa tatu usiku kule, alfajiri huku Nakuru. Maganda 50 yalikuwa yamesimama kwenye ubao wenye matundu, nami nayatilia baruti moja moja kutoka kwenye mizani. Nilikuwa nimeshajua kwamba hita ya nyumba ikiwaka, upepo wake unayumbisha mizani, basi nilikuwa naizima na kufanya kazi nimevaa koti. Nilijiona fundi kamili. Simu ikalia. Ni dada yangu: baba amelazwa, pesa zinatakiwa kabla ya saa nne asubuhi. Nikapanda juu, nikazungumza, nikatuma pesa, nikalia kidogo, nikarudi chini baada ya karibu saa nzima na kuendelea pale nilipodhani nilikuwa nimeachia. Sikuwasha tochi kuchungulia ndani ya maganda. Nikaweka vichwa, nikafunga boksi.

Jumamosi kwenye uwanja wa shabaha, risasi ya saba ilitoa mlio kama kofi dogo. Bega halikusukumwa. Nikafungua komeo la bunduki, nikatoa ganda, nikatia nyingine, ikawa haiingii vizuri. Nikadhani ni uchafu. Nilikuwa nasukuma lile komeo kwa nguvu zangu zote wakati mzee wa meza ya pili aliponishika mkono na kusema, taratibu kabisa, niache. Kichwa cha risasi ya saba kilikuwa kimekwama mwanzoni mwa mtutu, kimesukumwa na fataki peke yake. Kama komeo lingefunga na ningefyatua, mtutu ungepasuka usoni pangu.

Mzee alinisaidia kukitoa kwa ufito wa shaba, tukipiga kutoka mdomoni mwa mtutu, tone la mafuta, kigonge kidogo, tone jingine. Mikono yangu ilitetemeka hata nikaona haya.

Rafiki yangu mmoja, Mkenya mwenzangu, alikuwepo. Jumapili hiyo habari ilikuwa imeenea kwamba mimi natengeneza mabomu nyumbani. Watu niliowachangia harambee waliacha kuleta watoto wao kwangu. Miaka imepita, na bado linaniuma, kwa sababu hakuna aliyeniuliza ilikuwaje.

Ndiyo maana nakwambia, mpwa wangu, na wengine mnaosoma: simu ibaki juu. Nyumbani wakipiga, wapige. Ukikatizwa katikati ya baruti, mimina yote irudi kwenye chupa yake na uanze ganda la kwanza. Baruti ya aina moja tu iwe mezani. Kabla ya kuweka kichwa chochote, mulika ubao mzima kwa tochi, uone kina cha baruti ni kimoja kila ganda, maana lililokosa na lililotiwa mara mbili yote yako hapo yanakungoja. Na bunduki ikitoa mlio mdogo, weka chini, toa komeo, chungulia mtutu mpaka uone mwanga upande wa pili.

Katika picha yako nimeona kitu ambacho hukukiuliza. Maganda matatu ya pembeni yana mstari unaong'aa kuzunguka mwili, juu kidogo ya kitako. Hapo shaba imekonda na ganda linakaribia kukatika vipande viwili. Usiyarudishe kwenye ndoo ya maganda. Yapinde kwa koleo leo hii, asije mwingine akayaokota akadhani ni mazima.