Moyo ukiwaka kwenye picha ya nyuklia: maswali yenu wiki hii

Barua kadhaa za wiki hii zimegusa ugonjwa mmoja, amiloidosisi ya moyo. Protini zilizojikunja vibaya, ziitwazo amiloidi, hujirundika katikati ya misuli ya moyo mpaka kuta zinanenepa na kukakamaa, na moyo unashindwa kulegea ili ujae damu.

"Daktari, baba ana miaka 76. Tulimpeleka Nairobi kupigwa picha ya nyuklia, ripoti ikasema 'daraja la 3'. Jirani anasema hiyo ni kama saratani iliyosambaa. Amebakiza muda gani?" (Kisumu)

Binti yangu, kwanza mtoe baba kwenye hesabu za jirani. Daraja hilo si hatua ya ugonjwa. Baba alidungwa teknesiamu, kitu chenye mionzi, iliyoshikizwa kwenye pairofosfeti, dawa inayopenda mifupa. Moyo wa kawaida hauishiki. Moyo wenye amiloidi ya transthairetini, protini inayotengenezwa na ini, huinasa. Msomaji wa picha hulinganisha moyo na mbavu: 0 moyo haukuwaka, 1 umewaka kidogo kuliko mbavu, 2 viko sawa, 3 moyo umezishinda mbavu. Nimezitazama sana picha za daraja la 3. Mbavu huonekana hafifu kama fito za nyumba ya udongo, na moyo umejaa kati yake.

Picha hiyo hujibu vizuri mno swali la ni ugonjwa gani. La ataishi muda gani, hulijibu nusunusu. Madaktari wa London walipofuatilia mamia ya wagonjwa, wa daraja la 2 na wa 3 hawakupishana kwa maana katika urefu wa maisha. Kuna namba nyingine yenye uzito zaidi: mng'ao wa moyo ukigawanywa kwa mng'ao wa upande wa kulia wa kifua. Katika utafiti wa Marekani wa 2016, waliofika 1.6 au zaidi waliishi muda mfupi kuliko wenzao. Iulize, lakini usiishike peke yake.

Kinachotabiri vyema zaidi ni damu. Waingereza walichapisha kipimo chao 2018: homoni ya moyo uliochoka, NT-proBNP, isizidi 3000, na uchujaji wa figo usipungue 45. Vyote viwili vikiwa vizuri, nusu ya wagonjwa walikuwa hai baada ya miezi 69. Kimoja kikiharibika, miezi 47. Vyote viwili, 24. Hiyo nusu iliyokuwa hai iliipita miezi hiyo, na wengi wao hawakuwa wamepata dawa mpya. Mpimeni baba vitu hivyo viwili kabla mtu yeyote hajamtajia miaka.

"Daktari anataka damu na mkojo kabla hata ya kunipa rufaa ya picha. Pesa zenyewe ni za kuuza ng'ombe. Siwezi kuruka hapo?" (Njoro, Nakuru)

Mama, hapo usiruke. Ukilazimika kuchagua cha kuanza nacho, anza na damu na mkojo. Kuna amiloidosisi ya pili, inayotokana na seli zilizoharibika kwenye uboho wa mifupa, ambazo humwaga minyororo myepesi ya kingamwili. Hiyo nayo inaweza kuwasha moyo kwenye picha, na msomaji akadhani ni ile ya transthairetini. Matibabu yake ni ya aina ya kemotherapia, na huwa hayasubiri: wiki chache za kupotea zinaweza kumgharimu mtu maisha.

Vipimo ni vitatu: minyororo myepesi katika damu, kisha immunofiksesheni, yaani kutafuta kingamwili zisizo za kawaida, ya damu na ya mkojo. Vikiwa safi vyote, na picha ikawa daraja la 2 au la 3, uhakika ni mkubwa kiasi kwamba kwa kawaida hakuna haja ya kukatwa kinyama cha moyo. Hilo ndilo lililobadilika tangu 2016, na kwangu mimi ni neema kubwa kwa wazee wetu.

"Nikitoka kupigwa hiyo picha naweza kumbeba mjukuu?" (Kakamega)

Subiri kesho yake. Nguvu ya teknesiamu hupungua nusu kila baada ya saa 6. Kunywa maji, nenda haja ndogo mara nyingi.

"Babu alikuwa na presha miaka mingi. Sasa imeshuka hata bila dawa, ila miguu inavimba na vidole vya mikono yote miwili vinakufa ganzi. Amepona?" (Bungoma)

Nina wasiwasi naye. Presha inayotoweka yenyewe kwa mzee mwenye miguu iliyovimba si habari njema. Ganzi ya mikono yote miwili, kikombe cha chai kikimponyoka asubuhi, inaweza kutangulia dalili za moyo kwa miaka. Chukueni karatasi ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, na ripoti ya eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, mziweke pamoja. Kuta zikiwa nene kwenye eko huku mawimbi ya ECG ni mafupi, mwambieni daktari neno amiloidosisi. Mkimwona daktari mpya, mwombeni awe mwangalifu na verapamili na diltiazemu, dawa za presha na mapigo ya moyo, kwa kuwa moyo wa namna hii hauzivumilii.

Mwulizeni pia kama nduguze waliugua hivyo, kwa sababu aina mojawapo hurithiwa.

"Mume wangu ameanza tafamidisi. Tumrudishe kwenye picha kila mwaka tuone kama inafanya kazi?" (Nakuru mjini)

Hapana, dada. Picha hii haijathibitishwa kwa kazi hiyo. Moyo unaweza kubaki uking'aa huku mtu akiendelea vizuri. Dawa yenyewe huzuia protini kuvunjika, haifuti iliyokwisha kujirundika. Katika jaribio la 2018, baada ya miezi 30, walikuwa wamekufa kama 30 kati ya 100 waliotumia tafamidisi, na 43 kati ya 100 waliopewa vidonge visivyo na dawa. Tofauti hiyo ilichelewa kuonekana, kwa hiyo msiiache baada ya miezi mitatu mkisema haijasaidia.

Nauli ya Nairobi iwekeni kwa NT-proBNP na figo kila miezi sita. Nyumbani, mpimeni uzito kila asubuhi akitoka chooni, kabla ya uji, na mwandike. Akiongeza kilo mbili ndani ya siku tatu, ni maji: pigieni kliniki siku hiyohiyo.