Jibu: Je, picha ya Isola Bella ni litografia halisi?
Dada, umeuliza kama picha uliyorithi ya Isola Bella (kisiwa nchini Italia), yenye madoa ya kahawia, ni litografia halisi, yaani picha iliyochorwa juu ya jiwe kisha ikachapwa. Kabla ya kumpa fundi wa fremu hapo Kisumu aisafishe, itazame kwa lenzi inayokuza mara 10. Vitone vilivyojipanga kwa safu sawasawa ni dalili ya chapa ya ofseti, yaani nakala ya mashine ya kisasa. Chembechembe zisizo na mpangilio, kama mkwaruzo wa kalamu ya nta, huashiria litografia ya jiwe la chokaa, kwa njia aliyoibuni Alois Senefelder mwaka 1796, ambapo wino wa mafuta hushika mchoro na kukataliwa na sehemu zilizoloweshwa maji. Madoa ya kahawia uliyoyataja yasisuguliwe kamwe. Kwa unyevu huu wa ziwa letu, mwombe fundi aweke kadi isiyo na asidi badala ya hadibodi, tena karatasi isiguse kioo, kwani ikigandamana nacho ni vigumu kuibandua bila kuichana.