Mtwapa wakua, mbona mie niko pale pale?

SWALI: Asalaam aleikum mhariri. Mie kijana wa miaka 22, nilimaliza fomu foo Bamba nikaja Mtwapa kwa kazi za mjengo. Na kweli ziko, kila kona gorofa, mie ni mtu wa mkono, nakoroga simiti na kubeba mawe kwa 600 kwa siku ila kuna siku fundi haniiti kabisa. Nikitoa rumu, maji ya mtungi na chakula sibaki na hata nauli ya kuvuka daraja. Nyumbani wadhani nimeomoka. Nihamie Mombasa ama nirudi? — Mtu wa Mkono

JIBU: Waaleikum salaam mdogo wangu. Mombasa usikimbilie, huku vibarua vya mizigo vimepungua tangu SGR, ile reli mpya ya Nairobi, ianze 2017, makontena mengi yapandishwa treni bandarini yanaenda Nairobi, muulize tanboi yeyote wa Changamwe.

Na huko Mtwapa unachokiona kikikua ni nyumba za kupangisha. Gorofa ikiisha kodi yaenda kwa mwenyewe, ambaye mara nyingi hata haishi hapo, wewe uliyebeba mawe wabakishiwa labda kazi ya soja. Halafu kuni na pa kulala ulivyokuwa navyo bure Bamba, hapo vyote ni pesa, ndo maana 600 haionekani.

Ushauri wangu usirudi, lakini usibaki mtu wa mkono. Ganda na fundi mmoja, wa tailsi ama wa umeme, hata kama mwanzo atakulipa kidogo (wengine wachoyo wa ujuzi, huyo mwache), ukishaiva nenda NITA, shirika la serikali la mafunzo ya kazi za viwanda, wana kituo hapa Mombasa, ufanye tredi testi gredi 3, yaani mtihani wa ufundi. Si lazima uwe umesoma chuo, wapima kazi ya mikono yako. Ukitaka chuo, vile vya ufundi vya vijijini katiba ya 2010 iliviweka chini ya kaunti, na Mtwapa ni Kilifi, usije kupanga foleni ofisi za kaunti ya Mombasa bure. Basari anzia wadi ya Bamba, huko chifu akujua.

Hustler Fund, ule mkopo wa serikali wa kwa simu, sikukatazi ila huanzia 500 na siku 14 za kulipa, kwa mtu asiyejua kesho ataitwa ama la hiyo ni presha tu.

Mamako mwambie hali ilivyo, pengine ana mahindi ya kukutumia na yeye anangoja umtumie pesa. Na hiyo tredi testi ulizia ada ofisini kwao wenyewe, usimpe broka hata shilingi.