Jeshi likisema "tumealikwa", uliza limealikwa na nani

Swali: Wakili, barazani kwetu Majengo tumebishana sana. Mmoja asema Nyerere alivunja sheria ya kimataifa kumfuata Idi Amin hadi Kampala, na Kenya nayo ikaivunja kuingia Somalia 2011. Mwingine asema jeshi likishaalikwa na serikali ya huko, hapana kesi tena. Yupi ana haki? – Msomaji, Mombasa

Jibu: Wa pili yuko karibu zaidi, ila hilo la "hapana kesi tena" silikubali.

Ibara ya 2(4) ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945 yakataza nchi kutumia nguvu dhidi ya nchi nyingine, hata kutishia tu. Mkataba umeacha njia mbili: kujihami ukishashambuliwa kwa silaha, ibara ya 51, au idhini ya Baraza la Usalama chini ya Sura ya Saba. Mwaliko haukutajwa. Unakubalika kwa sababu serikali ikiridhia, nguvu hazitumiki dhidi ya nchi yake. Kwa hiyo kila kitu kinategemea ridhaa hiyo: katoa nani, na bado ipo?

Uganda iliyajua hayo kwa gharama. Majeshi yake yalikuwa mashariki mwa Kongo kwa ridhaa ya Kinshasa, na Aprili 1998 nchi hizo mbili zilitia saini itifaki ya kulinda mpaka. Kisha Rais Laurent Kabila akabadili msimamo. Hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya Desemba 2005 ilisema kuondoa ridhaa hakuhitaji utaratibu maalumu, na kwamba ridhaa ya Kongo ilikuwa imekwisha kuondolewa kufikia tarehe 8 Agosti 1998. Askari waliobaki baada ya hapo walikuwa wavamizi, itifaki au hakuna itifaki. Hoja ya kujihami pia ilikataliwa. Mwaka 2022 mahakama ikaiamuru Uganda ilipe fidia ya dola milioni 325.

Sasa Somalia. KDF, jeshi la Kenya, walivuka mpaka Oktoba 2011, baada ya watu kutekwa nyara Lamu na Dadaab. Serikali ilitaja ibara ya 51, ikasema pia kwamba inashirikiana na serikali ya mpito ya Mogadishu. Lakini kabla mwezi haujaisha Rais Sharif Sheikh Ahmed alijitokeza hadharani kuipinga hatua ile, na ikabidi waziri mkuu wake aje Nairobi, itolewe taarifa ya pamoja ya kuiunga mkono. Kwa maoni yangu, wiki hizo za mwanzo ndizo dhaifu kabisa katika hoja ya Kenya: aliyealika hakueleweka ni nani, na utekaji nyara, hata uwe wa kuumiza vipi, ni vigumu kuuita shambulio la silaha la kiwango cha ibara ya 51. Februari 2012 azimio namba 2036 la Baraza la Usalama liliongeza AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika huko Somalia, hadi askari 17,731, Wakenya wakaingizwa humo. Toka hapo kibali kilikuwa cha Baraza la Usalama.

Kwa Nyerere, kumtoa Amin Kagera, ndani ya Tanzania, kulikuwa kujihami waziwazi, maana Amin alikwisha kutangaza kuwa eneo hilo ni lake. Kuendelea hadi kuiangusha Kampala, Aprili 1979, ni jambo jingine. Kujihami kuna mipaka, kunapaswa kulingana na shambulio lenyewe. Nyerere mwenyewe alijitetea kwamba vita vilikuwa viwili, vya Watanzania na vya Waganda waliotaka kumng'oa Amin. Hoja ya werevu, ingawa mimi haijanishawishi.

Mkimaliza hayo barazani, ongezeni ibara ya 240(8) ya Katiba yetu ya 2010: Baraza la Usalama wa Taifa likitaka kupeleka vikosi nje ya Kenya kwa shughuli za kulinda amani au operesheni nyingine za kijeshi, lazima lipate idhini ya Bunge. Mwaliko wa serikali ya nje hauondoi sharti hilo.